Tulipopandisha Ndafu Uluguru

Tulipanda mlima na mbuzi. Angekuwa hai ingekuwa nafuu, angetembea kwa miguu yake mwenyewe. Huyu alikuwa ndafu: mbuzi mzima wa kuchomwa, amepigishwa magoti kwenye sinia la bati kama anasali, majani mdomoni, nyanya machoni, utepe wa dhahabu shingoni. Wapagazi wawili walimfunga kwenye mti wakamweka mabegani kama mgonjwa anayekimbizwa zahanati, na nyuma yake tukafuata sie, watu wazima ishirini na wawili kutoka Tabata, Segerea na Kinyerezi, fulana za rangi moja, tunahema kama mashine za kusaga.

Kama hujawahi kuishi Dar utaniuliza kwa nini. Kama umewahi, hutaniuliza. Hapa kwetu watu wakizidi watano lazima iundwe kamati, na kamati ikishaundwa, hata kama iliundwa kwa ajili ya kutembea milimani, inageuka kamati ya harusi. Inakuwa na mwenyekiti, makamu, katibu, MC. Inakuwa na sare. Na mwishowe inakuwa na ndafu. Mwenyekiti wetu alikuwa anatimiza miaka hamsini wiki ile, na kikao kikaamua kwamba ndafu itakatwa kileleni. Wote tulinyoosha mikono. Na mie nilinyoosha, nisijifanye malaika. Muhtasari wa kikao niliuchapa mwenyewe, kwa sababu nina steshenari ndogo Tabata na wao walikujaga kwangu kutoa kopi za fomu zao. Ndivyo nilivyojiunga. Nilichapa "ndafu moja" na wala mkono haukutetemeka.

Njia yenyewe ni ndefu, inazunguka milima ya Uluguru kwa siku saba, na kikundi chetu kilikuwa kinaimega kipande kimoja kimoja kila baada ya miezi kadhaa. Hiki kilikuwa kipande cha nne, ambacho kila aliyekipita alisema ndicho kinachotenganisha watembeaji na wapiga picha. Unaanzia kijiji cha upande huu, unapanda ndani ya msitu mpaka ukingo mwembamba juu kabisa, halafu unashuka upande wa pili kwenye mteremko ambao magoti yanaukumbuka wiki nzima. Saa nane za kutembea, kwa mtu mwenye afya na asiye na mbuzi.

Mie nilikuwa na afya, lakini pia nilikuwa na mtoto wa miezi kumi anayenyonya, na huyo nilimwacha nyumbani Segerea na mama mkwe.

Hapo kuna watu wataniangalia vibaya. Waniangalie. Kwa miezi kumi sikuwahi kwenda chooni nikafunga mlango. Nilikuwa nachapa barua za watu huku mguu mmoja ukibembeleza. Nilitaka siku mbili, Jumamosi na Jumapili, nitembee mpaka nichoke uchovu wangu mwenyewe, siyo uchovu wa kutumwa. Nilikamua maziwa wiki nzima, nikajaza chupa sita, nikaziandika kwa maka peni namba moja mpaka sita, nikazipanga kwenye friji. Nilimwonyesha baba mtoto jinsi ya kuzipasha kwenye maji ya moto. Akaitikia kwa kichwa bila kutoa macho kwenye simu, vile anavyoitikiaga mahubiri.

Mama mkwe alikuja Ijumaa jioni kutoka Chanika na kikapu chake na mdomo wake. Ni mtu wa bara, kanisani anaheshimika, kwaya ya akina mama haianzi bila yeye. Aliangalia zile chupa kwenye friji kama mtu aliyefungua sufuria akakuta panya.

"Haya ni nini?"

"Maziwa ya mtoto, mama."

"Maziwa yanayolala na nyanya?"

Halafu akaketi, akaja kwenye lililomleta. Wanaume wangapi kwenye hiyo safari? Mnalala wapi? Kwa nini mke wa mtu? Na mtoto akibemendwa je?

Kubemenda, kwa asiyejua, ni hivi: mama anayenyonyesha akitembea na mwanaume mwingine, mtoto anadhoofika, miguu inakuwa vijiti, na mtaa mzima unajua kwa nini. Ndiyo imani. Baba mtoto amelala nje mara ngapi akisema yuko msibani, na asubuhi yake hakuna aliyemshika mtoto miguu kuipima. Lakini mie nikienda kulala hosteli ya parokia, chumba kimoja na wanawake kumi, ishakuwa kesi.

"Jumapili saa kumi na mbili jioni," akasema. "Ikipita hapo hujatokea, mjukuu wangu nambeba tunakwenda Chanika, na ziwa ndiyo basi. Meno sita anayo, anatafuta nini tena kifuani?"

Nilimgeukia mume wangu. Nilimpa muda wa kutosha, hata mtu mwenye kigugumizi angemaliza sentensi.

"Mama kashasema," akasema.

Basi nilivyoanza kupanda Jumapili ile saa kumi na moja alfajiri, tochi kichwani, nilikuwa na hesabu moja tu. Ratiba ya kamati ilisema kileleni saa nne, chini saa nane, ndani ya kosta mara moja, Dar kabla ya saa kumi na mbili. Ratiba hiyo niliichapa mwenyewe pia. Haikuwa na mstari wa mbuzi.

Saa ya kwanza tulipita kwenye mashamba ya ndizi na viazi, njia pana, watu wanaimba. MC wetu, kijana mnene mwenye spika imening'inia kifuani, alikuwa anatangaza kila kitu. "Wanakamati, sasa tunavuka mtooo! Mto upigiwe makofi ya kilo tano!" Watu wanapiga makofi kwa mto. Mwenyekiti anatembea mbele na fimbo mbili za kununua, miwani ya jua gizani. Sheria ya kikundi ilikuwa hakuna anayempita mwenyekiti. Sijui nani aliitunga. Mwenyekiti alikuwa na tumbo na presha, anasimama kila baada ya hatua hamsini kutazama mandhari, na sie wote nyuma tunatazama mandhari, yaani mgongo wa mwenyekiti.

Halafu tukaingia msituni, nyimbo zikakatika zenyewe. Mule hakuna njia, kuna mizizi. Unapanda mizizi kama ngazi iliyojengwa na fundi mlevi, na katikati ya mizizi kuna tope jeusi linalokunywa mguu mpaka kwenye ugoko halafu linautema kwa sauti ya aibu. Ukungu ulishuka, kila kitu kikawa kinadondosha maji, majani, mianzi, pua. Kulikuwa na mahali pa kushika mizizi kwa mikono miwili na kujivuta juu, kifua kikiburuzwa kwenye udongo. Kifua changu. Sikuwa nimenyonyesha tangu Jumamosi alfajiri, na kukamua kwa mkono si sawa na mtoto. Matiti yalikuwa mawe. Kila hatua nilihisi yakinijibu.

Na ndafu naye alikuwa anapanda. Pale pa kujivuta kwa mikono ilibidi wamfungue kwenye mti, mmoja akamvuta kwa juu, mwingine anamsukuma makalio kwa chini, katibu anapiga kelele, "Utepe! Angalieni utepe!" Dakika arobaini. Watu ishirini na wawili tumesimama kwenye mvua tunamsubiri marehemu apande. Jicho moja lilidondoka. Likatafutwa. Naapa, lilitafutwa, watu wazima wenye vyeo ofisini kwao walipiga magoti kwenye tope wakitafuta nyanya.

Hapo ndipo nilipojitenga nyuma ya mti nikaanza kukamua. Nilifungua vifungo, nikainama, maziwa yakawa yanaruka kwenye majani. Sikuona kwamba nimesimama karibu na mama mmoja mpagazi, aliyekuwa amekaa juu ya kreti la soda alilolibeba kichwani toka chini. Alikuwa mtu wa makamo, yeboyebo miguuni, tope halijamfika hata kifundoni, sijui alikanyaga wapi.

"We dada," akasema, "unanyonyesha siafu?"

"Yamejaa."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Dar. Kwa bibi yake."

"Bibi mzaa nani?"

"Mzaa baba."

Akasonya msonyo mrefu, ndege akaruka. "Bibi mzaa baba! Huku kwetu huyo ni mgeni. Anapewa chai, anaaga, anaondoka. Mtoto ni wa ukoo wa mama. We kabila gani, huna ukoo?"

"Mzaramo."

"Loo! Mtani!" Akapiga paja. "Ndiyo maana! Nilikuwa najiuliza hawa mbona wanapanda kama wanasukumwa. Mngepigiwa ngoma yenu ya mdundiko mngefika saa mbili."

"Na nyie Waluguru mlikimbilia huku juu kwa kuogopa vita, mpaka leo hamjaambiwa vita imeisha."

Alicheka mpaka chupa zikagongana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa mtu aniongeleshe bila kunipa ratiba wala sheria. Nikajikuta nimemweleza yote, saa kumi na mbili, Chanika, ziwa. Akasikiliza huku anakwangua tope kwenye yeboyebo yake kwa kijiti.

"Na hawa watu wako wanajua?"

"Nitawaambia juu."

"Waambie," akasema, kwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto ajaribu kumkamata kuku.

Kileleni tulifika saa tano na nusu. Kilele si neno lake. Ni ukingo, upana kama wa barabara ya mtaa, kushoto ukungu, kulia ukungu, upepo unaopenya mpaka kwenye mifupa. Wanasema siku ikiwa safi unaona mbali sana. Mie niliona bango. Walikuwa wamebeba bango la turubai lenye picha ya mwenyekiti akiwa amevaa suti, na kulifunga tu kwenye mianzi kulichukua dakika ishirini. Halafu ndafu akatengenezwa. Akapewa jicho jipya, nyanya ya akiba. Niliangalia saa nikamfuata mwenyekiti.

"Mwenyekiti, samahani. Naomba nitangulie kushuka. Nina mtoto ananyonya, nimeahidi kuwa nyumbani saa kumi na mbili."

Akavua miwani, akaipangusa. "Dada yangu, kikundi hiki tunapanda pamoja, tunashuka pamoja."

"Tungepanda pamoja tungefika saa nne. Tumepanda na mbuzi."

"Hapana, hapana. Kwanza tukate, tulishane, niseme maneno mawili, tushuke. Nusu saa."

"Mwenyekiti, maneno yako mawili nayajua. Nimeyachapa. Kurasa sita."

Watu waliokuwa karibu walicheka, na hilo ndilo lililomuudhi, siyo mtoto. Akasema kwa sauti ya kikao, "Kila mtu hapa ana mtoto."

"Wa kwako ananyonya?"

MC akaona nafasi yake. Akawasha spika. "Jamani mama mzazi ana dharura ya maziwaaa! Mama mzazi apigiwe makofi ya kilo tatu!" Na wakapiga. Nataka hili liandikwe mahali. Wanawake wenzangu, wengine wana watoto wanne, walinipigia makofi kwenye ukungu, kifua changu kimelowa mpaka tumboni, wanacheka, simu zimeinuliwa. Hakuna hata mmoja aliyesema mwacheni aende. Walikuwa wanasubiri kulishwa mbuzi wa baridi kwa kijiti cha meno.

Mwenyekiti alisema sheria ni sheria, na kwamba muongoza njia ni mmoja, hawezi kugawanywa. Huo ulikuwa ukweli. Kushuka peke yangu kwenye ukungu ule kungekuwa ujinga wa aina nyingine. Nilisimama pale, na kwa dakika kama tano nilishindwa. Niseme wazi. Nilimwona mwanangu ndani ya kile kikapu cha Chanika, nikamwona mama mkwe akimlisha uji na kumsahaulisha ziwa, nikafikiri, basi, ndiyo imeisha, kwa ajili ya ndafu.

Mama wa soda alikuwa ameshatua kreti lake. Akawa anajifunga khanga kiunoni.

"Mie nimemaliza," akamwambia muongoza njia, siyo mwenyekiti. "Nashuka upande wa pili kwa dada yangu. Huyu mtani wangu namchukua."

"Mama, ngoja hotuba," mwenyekiti akasema.

"Nilikodiwa kubeba soda, baba. Hotuba mtaibeba wenyewe."

Tukaondoka. Nyuma yetu nilisikia spika ikikohoa na MC akisema, "Na sasa, mtu wa watuuu," halafu ukungu ukamfunika. Mbele yangu palibaki mgongo wa yule mama na yeboyebo zake.

Nimewahi kuzaa, kwa hiyo nikisema mteremko ule ulikuwa mbaya naomba niaminiwe. Kupanda unapigana na pumzi tu. Kushuka unapigana na mwili wako wote unaotaka kutangulia. Udongo ulikuwa mwekundu, laini kama sabuni iliyoloweshwa, njia imechimbwa na maji ya mvua ikawa mfereji mwembamba, unaweka mguu mmoja mbele ya mwingine kama unapita kwenye bomba. Yeye alishuka kwa visigino, magoti yamekunjwa, vihatua vidogo vya haraka haraka, hasimami. Mie nilishuka kwa makalio nusu ya njia. Vidole vya miguu viligonga ncha ya raba mpaka kucha mbili zikafa, baadaye zilitoka. Mapaja yakaanza kutetemeka yenyewe hata nikisimama, ikawa afadhali nisisimame.

"Usikaze miguu! Legeza! Unashuka kama umemeza ufagio!"

"Nalegeza!"

"Unalegeza mdomo tu."

Mahali fulani niliteleza kweli. Nilikwenda kama mita kumi, nikatua kifua kwanza kwenye shina la mgomba. Sijui niyaelezeje maumivu yale. Niliona weupe mtupu. Nililala pale nikalia kwa hasira, nikatukana: mwenyekiti, mbuzi, mama mkwe, mume wangu kwa majina yake yote matatu. Yule mama alisimama akanisikiliza kwa makini, kama mtu anayesikiliza redio ya lugha ya kigeni.

"Wazaramo mnatukana vizuri," akasema. "Haya, kamua, tuondoke. Nusu saa ipo mpaka barabarani, na bodaboda wa pale anapenda kwenda kulala."

Nikakamua pale pale, hadharani, kwenye shamba la mtu, wala sikujificha. Maziwa yalikuwa na uzi wa damu.

Tulifika kijijini saa nane kasoro. Kosta yetu ilikuwa imepaki chini ya kivuli, dereva amelala milango wazi, anasubiri watu ambao, nilikuja kusikia, walifika kwake saa mbili usiku, wakiwa na mwenyekiti mmoja aliyeteguka kifundo, na ndafu hakushuka, walimwachia ukungu. Walifika Dar Jumatatu alfajiri. Mie walinitoa kwenye grupu siku hiyo hiyo, kwa utovu wa nidhamu. Barua ya kunifukuza walitaka ichapwe. Walikwenda steshenari nyingine.

Nilimpa yule mama shukrani zangu na chakula changu chote kilichobaki, mayai manne na maandazi. Akaangalia maandazi. "Haya umepika wewe? Maskini mtoto." Akaenda zake kwa dada yake.

Bodaboda mpaka mjini Morogoro, saa nzima ya makorongo, mie nimekumbatia kifua changu mwenyewe. Treni nilidaka kwa dakika sita. Abiria wa jirani yangu, baba mmoja mwenye mkoba wa ofisini, aliniangalia tope, aliniangalia kifua, akahamia kiti kingine. Nilifurahi, nikanyoosha miguu. Nilimpigia baba mtoto mara nane. Simu inaita. Nilikuwa na dakika za ziada, nilijua nimeshinda, nikawa hata natunga jinsi nitakavyoingia: polepole, shikamoo mama, nyoosha mikono, mchukue mtoto. Niliteremka Pugu kwa sababu ni karibu na kwetu kuliko mjini, nikapanda bodaboda kwenda Segerea. Nilifungua geti saa kumi na moja na nusu. Nusu saa kabla.

Mume wangu alikuwa anaangalia mpira.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mama kaondoka naye."

"Saa ngapi?"

Akatafuta jibu kwenye televisheni. "Saa nane nane hivi."

Saa nane. Saa nane mchana mie nilikuwa kijijini nimejaa damu na udongo, nimeshuka mlima kwa makalio ili niwahi saa kumi na mbili ambayo mwenyewe aliyeiweka hakuwahi kuitegemea. Nilifungua friji. Chupa zote sita zilikuwepo, moja mpaka sita, hakuna iliyoguswa.

"Alikula nini?"

"Uji. Mama alisema..."

"Mama alisema. Na wewe ulisema nini?"

"Sasa mie ningesema nini? Ni mama yangu."

Nimeishi na mwanaume huyu miaka mitatu, na siku ile nilimwangalia kama ninavyoangalia kopi iliyotoka nyeupe: mashine imelia, imetetemeka, imetoa karatasi, na juu yake hamna kitu. Sikumtukana. Matusi niliyamaliza mlimani, na yale yalikuwa ya watu wenye uzito. Nilitoka bila kuvua raba. Nyuma aliniuliza atapika nini.

Kumbe Pugu nilipoteremka nilikuwa nusu ya njia kwenda Chanika. Nikairudia barabara ile ile, Gongo la Mboto, Pugu, moja kwa moja mpaka lami inapoishia na nyumba zinakuwa tofali bila plasta na mihogo katikati. Mama mkwe ana kiwanja kule, vyumba vitatu, viwili vimeezekwa. Alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda. Mwanangu alikuwa kwenye mkeka mbele yake, ameshikiwa kijiko. Alikuwa halii. Sauti ilikuwa imekwisha, anafungua mdomo na kinatoka kitu kama mlango usiopakwa mafuta.

Shikamoo nilimpa, maana hiyo haihitaji upendo.

"Marahaba." Akaniangalia kuanzia kwenye raba kwenda juu. "Haya ndiyo mavazi ya mke wa mtu?"

Nilikaa kwenye mkeka, nikafungua vifungo.

"Usimpe hayo! Yamepigwa jua, yamelala siku mbili, yana uchovu! Kamua kwanza! Na sijui umelala na nani huko."

"Nimelala na wanawake kumi wanaokoroma, mama. Nikikutajia majina watatu utawakuta kwenye kwaya yako."

Mtoto aliniangalia kama ananidai maelezo. Aligeuza uso. Mara mbili aligeuza uso, na mara ya pili mama mkwe alivuta pumzi kwa raha, nilimsikia. Nikamwacha ageuze. Nikakaa tu, ziwa nje, linadondosha lenyewe kwenye mkeka wake, mbu wananila. Sikubembeleza, sikuimba. Kisha akashika, akang'ata kwa meno yote sita pale pale palipochubuka, nikapiga ukelele, na akaendelea. Nilihisi mgongo wote unafunguka.

"Ulisema saa kumi na mbili," nikamwambia mama mkwe.

"Nilisema."

"Umeondoka saa nane."

"Niliona mawingu upande wa Morogoro. Nikajua hufiki."

Kutoka Segerea aliona mawingu ya Morogoro. Halafu, bila mie kumuuliza, akaanza kunieleza jinsi mtoto alivyolia njia nzima, jinsi abiria walivyomuuliza ni mtoto wa nani, jinsi mwanamke mmoja asiye na adabu alivyomwambia mtoto huyu anataka kunyonya, mama yake yuko wapi, na yeye akakosa pa kuweka uso. Alinieleza kwa masikitiko, kama vile nimpe pole. Bega lake lilikuwa na matapishi ya uji yaliyokauka. Sikumpa pole.

Mtoto alihamia upande wa pili, akamaliza, akalala na mdomo wazi. Giza lilikuwa linaanza kuingia kwenye mihogo.

"Laleni hapa," akasema. "Kesho mwenzio atakuja tuongee kama familia."

Alitaka kikao. Huyu naye.

"Hatulali."

"Unakwenda wapi na mtoto saa hizi?"

"Temeke. Kwa mama yangu."

Nilihitaji kitu cha kumfungia mgongoni, na changu kilikuwa tope tupu. Kwenye kamba palikuwa na khanga yake, mpya, hata harufu ya duka haijatoka, ile aliyoiweka kwa ajili ya sherehe ya kwaya. Niliitoa kwenye kamba, nikainama, nikamweka mwanangu mgongoni, nikakaza fundo kifuani juu ya maumivu yote yale. Mapaja yaligoma kuinuka mara ya kwanza. Mara ya pili yakakubali.

Alinifuata mpaka kwenye uzio. Nilifikiri atamng'ang'ania mtoto.

"Hiyo khanga utairudisha!" akapiga kelele, majirani wakatoa vichwa. "Unasikia? Utairudisha!"

Sijairudisha.